Msindikizaji: kazi ya jirani kati ya ploti, kituo na korti

Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Wapatanapo, chukua kapu ukavune. Methali hii inafunga milango mingi ya ploti za Nairobi saa tano usiku. Sauti ya mtu anayepigwa inapenya mabati ya Mukuru au kuta za ghorofa za Pipeline, na majirani wanaongeza sauti ya televisheni. Lakini methali inazungumzia ugomvi, na ugomvi una pande mbili. Mtu aliyefungiwa chumbani na mwenye nguvu kumshinda hagombani na mtu. Anapigwa.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Hesabu milango ya ploti yako, kisha uwaze. Wanaume nao hupigwa, na wengi wao hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa kituoni. Yote yaliyo hapa chini yanawahusu pia.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ilipitishwa mwaka 2015, na inakwenda mbali kuliko watu wengi wanavyodhani. Inataja kupigwa, kutukanwa, kunyimwa pesa kwa makusudi, kufungiwa nje ya nyumba, kufuatwafuatwa, kubakwa ndani ya ndoa, na hata wakwe kuingilia maisha ya wenye ndoa. Mashirika tunayo pia. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda naye. Kesi hizi hazishindwi sana kwa hoja za mawakili. Hufia njiani, kati ya kituo na hospitali, kwa nauli iliyokwisha, karatasi iliyopotea, au shahidi aliyehamia Ruai bila kuacha nambari. Kwa hiyo makala hii ni ya msindikizaji: jirani, mwanachama wa chama cha akiba, mhudumu wa afya wa jamii, dada wa kanisani au msikitini. Si lazima uwe umesomea sheria, ila lazima ujue mpangilio.

Usiku wenyewe

Usiende peke yako, na usiingize mkono kati yao. Nendeni watatu au wanne, mgonge mlango kwa sababu ya kawaida kabisa: "Mama Kevo, uko na chumvi kidogo?" au "Maji yanamwagika huku chini, hebu angalieni." Hamwendi kuhukumu. Mnakwenda kukata kipigo. Anayepiga akijua kuna masikio nje, mara nyingi hupoa kwa dakika chache, na dakika hizo zinatosha mtu kutoka na watoto. Mmoja wenu amwamshe keateka, msimamizi wa ploti, afungue geti. Geti lililofungwa kwa kufuli usiku limewazuia watu wengi kukimbia.

Mwingine apige simu: 999 au 112 kwa polisi, 1195 ambayo ni laini ya bure ya dhuluma za kijinsia, au 116 ikiwa anayeumizwa ni mtoto. Ploti zetu hazina anwani, kwa hiyo eleza kama unavyomwelekeza mtu wa boda: jina la mtaa, kanisa au kituo cha mafuta kilicho karibu, rangi ya geti, orofa ya ngapi, mlango wa ngapi. Sema kama kuna silaha na kama kuna watoto ndani. Kisha andika saa uliyosikia kelele na maneno uliyoyasikia, jinsi yalivyosemwa. Baada ya miezi minane kortini, ile "nilisikia kelele usiku" haina uzito. "Saa tano na dakika ishirini nilimsikia akisema nitakumaliza" ina uzito.

Akikabwa koo, nenda hospitali hata kama haoni kidonda

Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mtu aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama yoyote shingoni, ilhali mishipa ya damu ndani imeumia, na hali ikabadilika saa au siku kadhaa baadaye. Dalili za kuangalia ni sauti iliyokwaruza au kupotea, uchungu wa kumeza, madoa madogo mekundu kwenye macho au nyuma ya masikio, kizunguzungu, kupoteza fahamu hata kwa sekunde, na kujikojolea bila kujua. Daktari aambiwe wazi "alikabwa koo", si "alipigwa", kwa sababu uchunguzi wake ni tofauti.

Lipo jambo la pili. Jacquelyn Campbell, nesi na mtafiti wa Marekani aliyetengeneza njia ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, anaweka kukabwa koo miongoni mwa dalili nzito. Nyingine ni tishio la kuua, silaha nyumbani, wivu wa kumchunga kila anakokwenda, kupigwa akiwa mjamzito, na mwanamke kuwa ameondoka au kutangaza kwamba ataondoka. Zikikusanyika, usimwambie "subiri mwisho wa mwezi". Mpange aondoke kimyakimya.

Saa 72

Kama kuna ubakaji, hospitali inatangulia kituo cha polisi. Hakuna hospitali inayopaswa kudai nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, kabla ya kumtibu mtu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kisha zinamezwa kwa siku 28. Wengi huacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu au kwa sababu vidonge vimebaki kwenye nyumba waliyotoroka. Msindikizaji ampigie simu kila jioni kuulizia dawa, si kesi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini mapema ni bora.

Asioge, asipige mswaki ikiwa mdomo ulihusika, asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye gazeti, kila nguo peke yake. Usitumie plastiki, kwani unyevu unabaki ndani, kuvu inaingia, na ushahidi wa vinasaba unaharibika. Kama ameshaoga, bado aende. Hilo halijafuta kesi.

Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji. Ina nakala tatu: moja ya polisi, moja ya manusura, moja inabaki hospitalini. Usiondoke bila nakala yake. Nairobi, Gender Violence Recovery Centre ya Nairobi Women's Hospital inafanya kazi hii tangu 2001, na Hospitali ya Kenyatta ina kituo chake pia. Hospitali za umma kama Mama Lucy Kibaki na Mbagathi ziko karibu zaidi na mitaa mingi, na matibabu ya manusura wa ubakaji katika hospitali za umma ni ya bure kisheria.

Kituoni

Uliza dawati la jinsia. Manusura anaweza kuomba kuzungumza na afisa wa jinsia yake. Kitu cha kwanza kutoka nacho ni nambari ya OB, yaani mstari wa tukio katika kitabu cha matukio, ambao huandikwa na tarehe yake. Iandike kwenye karatasi na ujitumie ujumbe mfupi. Bila nambari hiyo, kesho asubuhi zamu ikibadilika, mtaanza upya mbele ya afisa ambaye hajawahi kuwaona.

Neno litakalowasubiri pale kaunta ni "mambo ya nyumbani, nendeni mkaongee." Msigombane. Taja Sheria ya 2015, useme mmekuja kuandikisha ripoti, kisha mwombe kwa heshima mkuu wa kituo, OCS. Polisi wana wajibu chini ya sheria hiyo kumweleza mlalamishi msaada anaoweza kupata, pamoja na mahali salama na matibabu. OCS akikataa pia, malalamiko yanakwenda kwa kamanda wa kaunti ndogo, au kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi. Andika jina na nambari ya afisa, saa, na alichosema. Hiyo pekee mara nyingi hubadilisha sauti kaunta.

Taarifa inaposomwa, isikilizwe yote kabla ya kutia sahihi. Hapa ndipo kesi nyingi huchimbiwa kaburi. Mtu amechoka, amelia, mtoto analala mapajani, afisa ameandika "walikosana na mumewe akaumia mkono". Hiyo si taarifa ya shambulio. Iseme nani alimpiga, kwa kitu gani alichoshika mkononi, mara ngapi, sehemu gani ya mwili, alisema nini akipiga, nani alikuwepo, na kama iliwahi kutokea kabla. Kama Kiswahili au Kiingereza kinamkwama, aombe mkalimani. Kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya ishara.

Halafu P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Fomu yenyewe haiuzwi. Polisi wanajaza sehemu ya kwanza, tabibu anajaza zilizobaki akitumia matokeo ya uchunguzi na karatasi za matibabu, kwa hiyo kadi ya hospitali ya usiku ule isipotee. Tazama sana pale tabibu anapoandika kiwango cha jeraha. Kushambulia na kuleta madhara ya mwili, chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ni hadi miaka 5. Kudhuru vibaya chini ya kifungu cha 234 ni hadi kifungo cha maisha. Mfupa uliovunjika ukiandikwa tu "maumivu ya mkono" kwa sababu eksirei haikupigwa, kesi inashuka kabla haijapanda. Kwa hiyo eksirei itangulie P3. Na kabla ya kuirudisha kituoni, piga nakala mbili, moja ikae kwa msindikizaji. Faili hupotea.

Picha

Piga picha ya mwili mzima ukionyesha uso, kisha ya karibu ukiweka sarafu au rula kando ya jeraha. Rudia baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu michubuko mingi hujitokeza baadaye. Kwenye ngozi nyeusi tumia mwanga wa dirisha kutoka upande, usitumie flashi. Piga picha za mlango uliovunjwa na vyombo pia.

Usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida kisha ukafuta za mwanzo. WhatsApp inazibana na kuondoa taarifa za saa na mahali. Simu iliyopiga ndiyo ushahidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kuandamana na ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Kwa hiyo aliyepiga picha ajulikane, na simu isiuzwe. Jumbe za vitisho zisifutwe hata kama zinaumiza kusoma.

Kuondoka

Siku ya kuondoka ni siku ya hatari kuliko zote, na ndiyo sababu ni kosa kumsukuma mtu aondoke kabla mpango haujakamilika. Muda wake anaujua yeye. Msindikizaji anayeamua kwa niaba yake amechukua nafasi ya yule yule anayemwamulia kila kitu.

Mfuko ukae kwa mtu mwingine, si chini ya kitanda. Ndani yake: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kijitabu cha kliniki, cheti cha ndoa kama kipo, risiti za kodi ya nyumba, karatasi za shule, nguo za siku mbili, ufunguo wa ziada. Dawa za kila siku zisisahaulike, hasa za shinikizo la damu, kisukari na ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI. Kadi ya kliniki yenye nambari yake itamwezesha kuchukua ARV kwingine.

Laini ya simu inasumbua kuliko mtu anavyodhani. Wanawake wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Akiondoka, mume anakwenda dukani, anabadilisha laini, na M-Pesa yote inahamia kwake pamoja na nambari ambayo shule, chama na polisi wanamtafutia mama. Apige *106# kuona laini zilizo kwa jina lake. Kama yake haimo, asajili mpya mapema, aiweke kimya, aanze kuhamishia akiba huko kidogo kidogo. Siku ya kuondoka abadilishe nywila ya akaunti ya Google, aangalie vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp na kuviondoa, na azime kushiriki mahali alipo. Asifanye hivyo wiki moja kabla, maana mtesaji akikuta ghafla haoni tena alichokuwa akikiona, anajua kuna jambo.

Asichukue boda ya steji ya mtaani. Mwendeshaji yule ndiye atakayeulizwa jioni, na anaweza kujibu bila nia mbaya yoyote. Atembee hadi barabara kuu, apande matatu, ashuke, apande nyingine. Asiende kwa mama yake mzazi au dada yake wa karibu ikiwa mtesaji anapajua; huko ndiko anakoanzia kutafuta.

Nyumba za usalama Nairobi ni chache na hujaa. Piga simu kabla, kupitia 1195 au shirika kama COVAW, FIDA Kenya, CREAW au Usikimye, na uulize mapema kuhusu watoto wa kiume waliokwisha balehe, kwani baadhi ya nyumba haziwapokei. Mama akikuta hivyo mlangoni usiku, hurudi alikotoka. Na wewe unayemsindikiza, mahali pale usipataje kwa mtu yeyote, hata mwenyekiti wa chama.

Amri ya ulinzi

Si lazima mtu awe ameshtakiwa kwanza. Manusura, au mtu anayemwakilisha, anaweza kuomba amri ya ulinzi katika mahakama ya hakimu, na pale penye hatari mahakama inaweza kutoa amri ya muda bila kumsubiri anayelalamikiwa. Amri inaweza kumkataza kumkaribia, kumpigia simu, kuingia nyumbani au kufika kazini kwake. Inaweza pia kumpa manusura haki ya kukaa kwenye nyumba hata kama haimo kwa jina lake, na wanawake wengi hawajui hilo. Kuivunja ni kosa: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili, na polisi wanaweza kumkamata bila hati.

Amri hushindwa kufanya kazi kwa sababu ndogo kabisa: haikufika kituoni. Imetolewa mahakama ya Milimani au Makadara, ikakaa kwenye begi la mama, na usiku polisi wa zamu hawaijui. Peleka nakala iliyothibitishwa kwa OCS, uombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha mpe keateka na shule ya watoto nakala.

Wazee, chifu na kikao

Kikao cha wazee kinaweza kuzungumzia vyombo vya nyumba na nani anachukua kabati. Hakiwezi kumaliza kesi ya ubakaji au ya mtoto kunajisiwa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, uamuzi wa kusimamisha mashtaka hauko kwa familia wala kwa chifu. Uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mbuzi na elfu thelathini vilivyopokelewa na baba wa mtoto haviondoi kesi. Vinampa mwenye kosa muda wa kuhama. Chifu mzuri ni rafiki mkubwa wa kazi hii, na wapo, lakini aombwe kupeleka kesi mbele, asiombwe kuipatanisha.

Mfuko wa nauli

Watu 20 wakichanga shilingi 50 kwa wiki, mwezi una 4,000. Si nyingi. Inalipa teksi ya usiku, nakala za karatasi, laini mpya, chakula cha siku ya korti, na nauli ya shahidi. Kesi hutajwa na kuahirishwa mara nyingi, na shahidi anayeuza mboga Kangemi hawezi kufunga biashara siku sita kwa nauli yake mwenyewe. Pesa zishikwe na watu wawili. Kwenye daftari andika nambari badala ya jina, "kesi ya 7, nauli 300", na ukurasa unaoonyesha nambari ni ya nani ukae kwa mtu mmoja tu. Msijadili kesi kwenye kundi la WhatsApp la chama. Daima kuna binamu wa mtu humo.

Akirudi

Wengi hurudi, na zaidi ya mara moja. Kodi imewashinda, mtoto ameulizia baba, mkwe amepiga magoti. Usimwambie "nilikuonya" na usimrudishie mfuko wake kwa hasira. Usimwambie pia mume nani alimficha. Mweleze kwamba OB ile bado ipo, P3 ipo, na nakala ziko kwako. Badilisheni neno la siri mnalotumia kuitana akihitaji msaada, kwa sababu la zamani huenda limeshasikika: kama mwanzo lilikuwa "nitumie kuku wa mayai", sasa liwe jingine, na mkubaliane nani ataitikia saa ngapi. Mfuko uhamie nyumba nyingine. Dawa zilizokaribia kuisha muda zibadilishwe, na vyeti viangaliwe kama vyote bado vimo.